Ligi ya Gemu Hujengwa Kuanzia Mkiani

Ukiingia banda la gemu mjini Arua jioni, sheria ya humo utaielewa kabla hujaelezwa na mtu: aliyeshinda anabaki, aliyefungwa analipa na kumpisha anayesubiri. Vijana wawili wamekaa bega kwa bega mbele ya televisheni, kila mmoja na padi yake; ya mgeni ndiyo ile ambayo raba ya kijiti imelika hadi plastiki inateleza chini ya dole gumba. Fundi hukaa kwenye benchi hilo saa nzima bila kutoa shilingi. Anayejifunza hutoa pesa yake, akachapwa manne, akasimama, akarudi kwenye foleni. Utaratibu huu una raha yake, maana unawapa watazamaji mfalme wa kumshangilia na kumwombea aanguke. Lakini uangalie kwa hesabu: anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayecheza kidogo zaidi, tena ndiye anayelipia burudani ya wote. Wiki mbili tatu zikipita huyo haonekani tena, na banda linabaki na mafundi wale wale watano wanaojuana hadi namna ya kupiga kona.

Makala haya yanatetea utaratibu mwingine: ligi ya gemu ya mpira kwa wanafunzi wa vyuo vya Arua na Koboko, yenye madaraja, ambamo watu wanapanda na kushuka kila msimu unapokwisha. Wachezaji wapo. Chuo Kikuu cha Muni kiko Arua, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kina kampasi yake hapo hapo, na Koboko, mji ulioegemea mipaka ya Sudan Kusini na Kongo, una vijana wake wa vyuo pamoja na wale wanaorudi likizo kutoka Gulu na Kampala. Gemu nazo zipo: kwenye PlayStation kuna EA Sports FC, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA hadi 2023, na kwenye simu kuna eFootball ya Konami, ambayo kuipakua ni bure. Kinachobishaniwa ni umbo la ligi yenyewe. Dai langu ni kwamba kupanda na kushuka daraja, jambo lililozitesa klabu halisi za mkoa wetu wa West Nile, kunafaa zaidi kwenye skrini kuliko uwanjani, kwa sharti kwamba anayeipanga ligi aanze kulifikiria daraja la mwisho kabla ya lile la kwanza.

Wamarekani wametangulia kwa namna yao. Mpira wao wa vyuo vikuu, ule wa kofia za chuma na mabega ya kuvimba, hauna kupanda wala kushuka. Chuo huwa katika kundi fulani kwa sababu kilialikwa na kwa sababu mikataba ya televisheni inakitaka humo. Kinaweza kufungwa miaka kumi mfululizo na kikabaki palepale. Gemu ya mpira huo ilisimama baada ya toleo la 2013, kufuatia kesi ya Ed O'Bannon, aliyewahi kuchezea timu ya kikapu ya chuo cha UCLA, aliyedai mahakamani kwamba sura za wanamichezo wa vyuo zinauzwa bila wao kulipwa chochote. Ilirejea Julai 2024 kwa jina la College Football 25, ikiwa na vyuo 134, na safari hii wanamichezo waliokubali kuwekwa ndani walipewa dola 600 kila mmoja pamoja na nakala ya gemu. Ndani yake marafiki wanaweza kuanzisha ligi yao, kila mmoja akiwa kocha wa chuo, misimu ikifuatana, mwisho watu 32. Na humo ndimo baadhi ya mashabiki wanapojaribu kile ambacho wakubwa wa mchezo halisi hawakithubutu: kugawa makocha katika madaraja, wa chini wapande, wa juu washuke. Gemu imekuwa kwao mahali pa kufanyia majaribio ambayo pesa inayazuia nje.

Huku kwetu mambo yamekaa kinyume. Mpira wetu halisi unapanda na kushuka kuanzia ligi za wilaya, hadi ligi za mikoa, hadi FUFA Big League, hadi Ligi Kuu ya Uganda yenye klabu 16, na West Nile inaujua utamu na uchungu wake vizuri kuliko mikoa mingi. Onduparaka, timu iliyoanzishwa 2011 katika kijiji kilichoipa jina lake pembeni ya Arua, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2016 na kuufanya uwanja wa Green Light kuwa mahali ambapo vigogo wa Kampala walikuwa wakija na tahadhari. Ilidumu misimu saba, ikashuka 2023. Paidha Black Angels ya Zombo ilifika fainali ya Kombe la Uganda 2017, ikapanda 2018, ikashuka 2019. Arua Hill ilipanda 2021 kwa mbwembwe, ikaweka makao Barifa, na msimu wa 2023/24 haikuumaliza, kwani ilishindwa kufika kwenye mechi zake. Klabu tatu za mkoa mmoja, zote zilionja daraja la juu ndani ya miaka minane, na hakuna iliyobaki.

Mwenye kupinga atadakia hapa hapa. Kama mfumo huu umezimeza klabu tatu, kwa nini tuwatwishe nao vijana wa vyuo kwenye mchezo wa kujiburudisha? Jibu liko katika kuuliza kilichoziangusha klabu hizo ni kitu gani. Kupanda Ligi Kuu ukiwa Arua maana yake ni kwamba karibu kila mechi ya ugenini iko ng'ambo ya Nile, na Kampala yenyewe iko karibu kilomita 500. Basi, mafuta, chakula na malazi ya msafara mzima hulipwa iwe umeshinda au umefungwa. Mshahara wa mchezaji hupanda siku timu inapopanda, lakini haushuki kwa hiari yake siku timu inaposhuka. Msimu wa 2018/19 unalionyesha jambo hili kuliko hotuba yoyote: klabu tatu zilizokuwa zimepanda, yaani Paidha Black Angels, Nyamityobora ya Mbarara na timu ya Chuo Kikuu cha Ndejje, ndizo tatu zile zile zilizoshuka. Soka ilichangia, bila shaka. Ila pengo kati ya madaraja yale mawili lilikuwa pia la mfuko, na mfuko haujazwi kwa miezi tisa.

Kwenye gemu pengo hilo halipo. Anayepanda daraja la kwanza hahitaji basi jipya wala mshambuliaji kutoka Kongo. Padi ni ile ile, televisheni ni ile ile, na ada ya umeme ni ile ile. Anayeshuka hafungi ofisi. Kilichobaki ni ule upande mzuri wa mfumo, ambao ndio uliowafanya watu wauvumilie tangu Waingereza walipouanza katika miaka ya 1890: kila mtu anacheza na saizi yake, na mechi ya mwisho ya aliye mkiani ina uzito sawa na ya anayewania kombe.

Tazama hesabu yake. Tuseme wamejitokeza wachezaji 24, na mechi moja pamoja na mapumziko na ubishi wa kuchagua timu inachukua robo saa. Ukiwaweka wote kwenye ligi moja, kila mmoja akutane na kila mwenzake mara moja, unapata mechi 276, sawa na saa 69. Kwa televisheni moja inayowashwa saa tatu kila jioni, hizo ni jioni 23, na kuanzia jioni ya kumi theluthi moja ya watu watakuwa wanajua hawana cha kupata wala cha kupoteza. Hao ndio wataanza kutofika. Sasa wagawe madaraja matatu ya watu wanane wanane. Kila daraja lina mechi 28, jumla 84, saa 21, jioni saba. Ndani ya jioni 21 unamaliza misimu mitatu mizima. Kila mchezaji amecheza mechi 21 badala ya 23, nyingi kati ya hizo dhidi ya mtu anayelingana naye, na amepitia siku tatu za mwisho wa msimu, zile ambazo mikono hutoka jasho, badala ya moja.

Wangapi wapande? Ligi Kuu ya Uganda hushusha klabu tatu kati ya 16, na wengi wangenakili tatu hiyo bila kufikiri. Kwa daraja la watu wanane tatu ni nyingi mno: daraja la kati likipandisha watatu na kushusha watatu, wanaobaki ni wawili tu, na hakuna atakayeizoea nafasi yake. Mmoja naye ni wachache, kwa sababu kinara akishachomoka pointi saba, wa pili hana la kufukuzia. Wawili wanatosha. Nusu ya daraja la kati inahama, nusu inabaki.

Kuna jambo ambalo waandaaji wengi hulipuuza, nalo ndilo linaloharibu ligi za gemu mapema kuliko lolote: uchaguzi wa timu. EA Sports FC hupima timu kwa nyota, kutoka nusu nyota hadi tano, na ukiwaachia watu uhuru, daraja zima litajaa Real Madrid na Manchester City, na aliyechelewa kuchagua aambulie lawama. Wengine hupendekeza anayepanda daraja azawadiwe timu kubwa zaidi. Naona hilo ni kosa, maana ni kuirudisha kwa mlango wa nyuma ile mali ya wenye nacho tuliyoifurahia kuikwepa. Heri kila daraja lichezwe kwa timu za nyota sawa, zigawiwe kwa kura mwanzo wa msimu, na mchezaji akae na timu yake hadi mwisho. Hata ningependa daraja la kwanza lipewe timu za nyota tatu na nusu na la tatu zile za nyota tano. Fundi wa kweli atajulikana akiwa na mabeki wazito, na anayejifunza atapata msaada wa washambuliaji wenye mbio. Watalalamika wakubwa, walalamike.

Koboko inaleta swali la jiografia. Kutoka Arua ni zaidi kidogo ya kilomita 50 kwenye ile lami inayotoka Vurra mpaka Oraba, si mbali, lakini nauli ya kwenda na kurudi kila wiki kwa mwanafunzi ni pesa. Hapa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, imeshatuonyesha njia, kwani ligi zake za chini ni za kimkoa ili timu changa zisisafiri. Yakijitokeza majina 32, daraja la chini lifanywe makundi mawili, moja la Arua na moja la Koboko, kila kundi limpandishe kinara wake. Atakayesafiri ni aliye daraja la kwanza au la pili, na hata huyo hasafiri sana: mechi 28 za daraja ni saa saba za skrini moja, au saa tatu na nusu zikiwa skrini mbili. Raundi nne zichezwe Jumamosi moja Arua, tatu za mwisho Jumamosi nyingine Koboko. Safari moja kwa msimu. Onduparaka wangeitamani ratiba kama hiyo.

Kwa nini wasichezee kwenye intaneti, kila mtu kwao? Wanaweza kufanya mazoezi hivyo, lakini matokeo yanayomshusha mtu daraja yasitegemee mtandao unaokwama dakika ya 88. Aliyekatikiwa ataapa kwamba mwenzake amezima kwa makusudi, na hakuna mwamuzi wa kuamua. Wala si mtandao wa kukwama tu. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ya Uganda nzima ilizimwa kwa siku kadhaa, na Facebook ikafungiwa. Umeme ni afadhali kuliko zamani. West Nile iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na, kuanzia 2012, bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5, umeme wa kugawana kwa saa. Gridi ilifika 2024. Hata hivyo kanuni iandikwe: umeme ukikatika kabla ya mapumziko, mechi inarudiwa, ukikatika baadaye, dakika zilizobaki zinachezwa kuanzia matokeo yale yale. Na kanuni zote ziandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo Mlugbara, Mkakwa, Mualuri na mwanafunzi aliyevuka kutoka Aru watakutana nayo katikati bila mmoja kuona amealikwa nyumbani kwa mwenzake.

Kupanga matokeo ndiyo hoja nzito zaidi dhidi ya mfumo huu, na sitaipita kwa haraka. Aprili 1898, Uingereza, kupanda na kushuka kuliamuliwa kwa mechi maalumu za mchujo, na Stoke na Burnley walijikuta wanacheza mechi ambayo sare ingewafaa wote wawili. Ilikwisha 0-0, huku watazamaji wakiona wazi kwamba hakuna anayetaka kufunga. Mechi hizo zikafutwa, na kupanda na kushuka kukawa kwa msimamo wa ligi moja kwa moja. Tanzania ilipata yake mwaka 2016 katika Ligi Daraja la Kwanza. Geita Gold na Polisi Tabora walikuwa wanakimbizana kuwania nafasi moja ya kupanda, tofauti ya mabao ikiwa ndiyo mwamuzi. Siku ya mwisho Geita wakaifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Shirikisho la soka la nchi hiyo, TFF, lilizishusha daraja zote nne kwa kupanga matokeo, na nafasi ya Ligi Kuu ikaangukia Mbao ya Mwanza, ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama. Kwenye gemu ni rahisi zaidi, kwani kufungwa nane unaweka padi mapajani na kunywa soda.

Lakini tazama mwanya wenyewe ulikuwa wapi. Stoke na Burnley waliijua sare itawapa nini kabla ya kuingia uwanjani. Geita na Tabora walihitaji mabao mengi tu, yatoke kokote. Njia zote mbili zinazibika. Pointi zikilingana, iangaliwe kwanza nani alimfunga nani walipokutana, kisha nani ameshinda mechi nyingi, na kama bado wanalingana wacheze mechi moja mbele ya watu. Tofauti ya mabao isiamue lolote, hivyo mabao manane hayatamfaa mtu. Raundi ya mwisho, mechi zinazogusa kupanda na kushuka zianze kwa wakati mmoja. Ndiyo maana skrini mbili zinahitajika hata kama moja ni ya kuazima. Marafiki watapeana ushindi mara moja moja, hilo sitalikana. Ligi isiyo na madaraja haiwazuii pia, tofauti ni kwamba humo hakuna anayejali vya kutosha kuhoji.

Kamari ni jirani wa mambo haya na haifai kujifanya hatuioni. Sheria ya Uganda ya 2016 inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 25, umri ambao wanafunzi wengi hawajaufikia, na ligi ikiruhusu dau kando ya benchi itakuwa imejichimbia kaburi mbele ya mkuu wa chuo yeyote. Ada iwe ya umeme na padi, ijulikane ni kiasi gani na imetumikaje. Kuhusu masomo, wazazi wana haki ya kuuliza, na jibu ni kalenda: msimu wa jioni saba una mwisho unaojulikana, unaweza kusimamishwa kupisha mitihani, wakati benchi la aliyeshinda anabaki halina saa ya kufunga.

Wengine watasema kushuka ni aibu, na kwamba katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake, jina lako kuhamia daraja la tatu kwenye kundi la WhatsApp litakufanya usionekane tena. Wasiwasi huo una msingi. Lakini aibu hupungua pale mahali unaposhukia pana watu na pana la kugombea. Onduparaka waliposhuka uchungu ulikuwa wa kuingia kwenye ligi yenye kamera na mapato machache kuliko ile ya juu. Daraja la tatu la gemu linaweza kupewa kila kilichopo cha kwanza: ratiba iliyobandikwa ukutani, mtangazaji mwenye mdomo, jioni ya fainali ya kwake peke yake, na wiki mbili baada ya kushuka, nafasi ya kupanda tena. Tatizo hutokea pale mwandaaji anapoweka nguvu zote kwa wale wanane wa juu na kuwaambia wengine wacheze wakati wowote watakapopata.

Kilichoimaliza Arua Hill mwishowe ni kutofika uwanjani, na hilo ndilo ligi hii iliogope kuliko kufungwa kwa mtu yeyote. Asiyefika anaharibu msimamo wa watu saba wengine, kwa sababu aliyekutana naye mapema alitokwa jasho, na anayekutana naye mwisho anapewa pointi za mezani. Kanuni ya ligi nyingi inafaa hapa: aliyejitoa kabla ya kufika nusu ya mechi zake, matokeo yake yote yanafutwa, aliyejitoa baadaye, mechi zilizobaki zinahesabiwa amefungwa 3-0. Na kwa daraja la tatu, ambako hakuna pa kushukia, nafasi isiondolewe kwa kufungwa hata kidogo. Aliyecheza mechi zake zote saba na kufungwa zote saba, kiti chake ni chake msimu ujao. Aliyekosa mbili bila taarifa anampisha wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri, hata kama zile tano alizocheza alizishinda.